Je, Kung'arisha ni Kudanganya?

Siku moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja aliniuliza swali lililonifunga kinywa. Yeye anajua kwamba siku tatu za juma ninafanya kazi katika garaji moja hapa Lubumbashi, maana watoto wangu nao hula kila siku. Kazi yangu ni kung'arisha rangi ya motokari kwa mashini. Basi kijana akasema: "Mwalimu, unatufundisha kusema kweli. Lakini kazi yako je? Motokari nzee inaingia kwenu asubuhi, jioni inatoka kama mpya. Nayo si mpya. Huko si kudanganya watu?"

Wenzake walicheka. Mimi nami nilicheka. Lakini nilirudi nyumbani bila jibu.

Swali hilo halinihusu mimi peke yangu. Mwanamke wa sokoni hupangusa nyanya zake na kuziweka nzuri juu ya chungu. Mwenye nyumba hupaka chokaa kabla ya kumtafuta mpangaji. Hata sisi wenyewe, siku ya arusi, hatuvai shati la kila siku. Je, kila anayefanya kitu kionekane kizuri ni mwongo? Na kama si kila mmoja, mpaka uko wapi? Yafaa tufikiri pamoja. Mimi mpaka huo niliufahamu siku nilipouvuka.

NGOZI YA MOTOKARI

Kwanza tujue kitu tunachosema. Wengi hufikiri kwamba rangi ya motokari ni kitu kimoja kinene, kama rangi ya ukuta. Sivyo. Katika motokari nyingi za leo, juu ya chuma kuna tabaka za kuzuia kutu na za kushika rangi, kiisha rangi yenyewe, nyekundu au nyeusi au nyingine, na mwisho verni. Verni haina rangi. Ni kama kioo chembamba kilichomwagwa juu ya rangi, na ndiyo inayong'aa.

Zamani haikuwa hivyo. Motokari za kwanza zilipakwa verni ya mafuta kwa mkono, na kukauka kwake kulichukua siku nyingi mno. Mwaka 1923 kampuni DuPont ya Marekani ilitoa rangi iliyoitwa Duco, yenye kukauka upesi na kupulizwa kwa bomba, na viwanda viliipokea kwa furaha. Kwa muda mrefu rangi yenyewe ndiyo iliyong'arishwa. Ukiisugua, kitambaa kilitoka na rangi ileile. Hata leo ukikutana na motokari nzee ya namna hiyo, kitambaa kitakuambia. Lakini tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimefuata njia ya verni juu ya rangi.

Sasa sikieni unene wake. Tukikata milimeta 1 katika vipande 1000, kila kipande huitwa mikroni. Verni ya motokari nyingi ina mikroni 40 hivi, pengine 50. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina mikroni 100 hivi. Maana yake, kile kioo kinachowafanya watu wageuze shingo njiani hakifikii hata unene wa karatasi moja. Tena hakioti. Jeraha la mkono wako litapona, na ngozi itarudi. Ngozi ya motokari ikiondoka, imeondoka.

Mikwaruzo hutoka wapi? Hapa kwetu tunajua vema. Wakati wa kiangazi vumbi nyekundu hulala juu ya kila kitu. Dereva anaamka asubuhi, anashika kitambaa kikavu, anapangusa motokari yake kwa upendo mwingi. Kumbe kila chembe ya vumbi chini ya kitambaa ni kama msumari mdogo. Mkwaruzo mmoja huuoni. Elfu moja utaiona jua likipiga: duara kwa duara, kama utando wa buibui, na nyeusi imekuwa kama majivu.

Tufanyeje kuiondoa? Fikirini mkwaruzo kama bonde dogo. Hakuna dawa inayoinua chini ya bonde. Njia ni moja tu: kushusha vilima vya pande zote mpaka vilingane na bonde. Ndiyo kazi ya mashini. Sponji inazunguka, juu yake kuna pati yenye chembe ngumu, ndogo sana, na chembe hizo zinakula verni polepole. Vilima vikishuka, bonde halipo tena, na mwanga unarudi mzima.

Basi shikeni neno hili, maana maneno yote yanayofuata yanalitegemea: kung'arisha ni kupunguza. Watu husema fundi "ameongeza" mng'ao. Hakuongeza kitu. Ameondoa. Kila mng'ao wa kweli umelipiwa kwa ngozi.

Na ngozi hiyo si ya urembo tu. Wenye viwanda hutia katika verni dawa ya kuzuia ukali wa jua. Verni ikiliwa mno, jua hushinda. Baada ya muda, labda miaka, inakuwa nyeupe, inapasuka, inabanduka vipande vipande. Lakini haibanduki siku ya kung'arishwa. Siku hiyo motokari inapendeza kuliko zote mtaani. Hubanduka wakati fundi amekwisha kula fedha yake na kusahau.

JINSI MKONO UNAVYOFUNDISHWA

Fundi aliyenifundisha ni mzee mwenye maneno machache. Nilipofika kwake nilifikiri atanipa mashini siku ya kwanza. Alinipa ndoo. Nilifundishwa kuosha kwa maji mengi, kutoka juu kwenda chini, na kuondoa uchafu ulioshika. Akasema: "Ukiwasha mashini juu ya mchanga, unang'arisha kwa mchanga."

Kiisha alinipeleka nyuma ya garaji, palipokuwa na kapo nzee, yaani mfuniko wa injini, iliyotolewa katika motokari iliyokufa. Akasema: "Hii haina mwenyewe. Iharibu." Nami niliiharibu vizuri sana.

Mashini ni za namna mbili. Ya kwanza inazunguka tu, kama gurudumu. Ina nguvu, inakata upesi, na joto lake ni kali. Ya pili inazunguka na papo hapo inatikisika huku na huku. Hiyo ni pole zaidi, nayo humfaa anayejifunza. Lakini garaji yetu wakati ule ilikuwa na ile ya kwanza tu, na mtu hujifunza kwa chombo alichopewa.

Kila mwanzo ana makosa yaleyale. Anakandamiza kwa nguvu, akidhani nguvu ni kazi. Anaweka mwendo wa juu, kwa sababu mlio wa mashini unampendeza. Anatembeza mkono haraka, halafu anasimama mahali pamoja kuangalia, na mashini bado inazunguka! Verni inapata moto, inalainika, inaungua. Mzee aliniwekea amri chache. Uzito wa mashini unatosha, mkono wako uiongoze tu. Fanya kazi katika eneo dogo, kama sentimeta 50 kwa 50, mstari juu ya mstari. Usisimame mahali pamoja. Gusa kwa kiganja. Ukisikia joto kali, acha.

Amri mbili alizirudia kila juma. Ya kwanza: anza na dawa dhaifu. Jaribu sponji laini na pati laini katika mahali padogo. Ikitosha, usitafute kali. Isipotosha, panda ngazi moja. Mwenye kuanza na kali hawezi kurudisha alichokula. Ya pili: jihadhari na kingo. Mahali chuma kinapojikunja, verni mara nyingi ni nyembamba zaidi, tena mashini inakandamiza nguvu yake yote juu ya mstari mmoja mwembamba. Kwa hiyo kingo hufunikwa kwanza kwa utepe wa karatasi.

Na mkwaruzo mrefu je? Mzee alipitisha ukucha wake juu yake. "Ukucha ukikwama," alisema, "bonde ni refu. Acha. Punguza ukali wake kidogo, lakini usilifuate mpaka chini."

Mwisho wa yote kuna alkoli. Pati ina mafuta, na mafuta huingia katika mabonde yaliyobaki na kuyajaza. Ukiangalia, huoni mkwaruzo. Unafurahi. Lakini mafuta hayakuondoa bonde, yamelificha tu. Mvua mbili, sabuni mara tatu, na utando wa buibui umerudi. Kwa hiyo fundi wa kweli, kabla ya kusema "imekwisha", hupangusa kwa alkoli iliyochanganywa na maji, na kusukuma motokari kwenye jua. Hapo anajua amefanya nini.

KOSA LANGU

Siku moja Mzee alikwenda msibani. Nilibaki peke yangu na motokari nyeusi ya mwalimu mmoja wa shule. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi nzima. Uliporudi saa nane, niliogopa utakatika tena. Nikafanya haraka. Utepe niliuweka upande mmoja wa kapo. Upande wa pili nilisema, nitakuwa mwangalifu.

Sikuwa mwangalifu. Katika ukingo, mashini ilikula verni mpaka kwenye rangi. Alama yenyewe ilikuwa na urefu wa kidole, haing'ai, kama jicho la samaki aliyelala siku tatu.

Nilisimama. Halafu, wandugu, nilichukua nta. Nikaipaka, nikasugua, nikaipaka tena. Chini ya paa, katika kivuli, alama ilitoweka. Alkoli sikuigusa, maana nilijua itasema nini.

Mwalimu alikuja jioni. Alizunguka motokari yake mara mbili, akacheka kwa furaha, akalipa, akaniongezea franka kidogo za kinywaji. Nikazipokea, nikasema "asante". Tazameni: sikutamka neno hata moja la uongo. Mtu angeniuliza, "Umesema uongo?" ningeweza kuapa kwamba hapana. Lakini usiku sikulala.

Kesho yake Mzee aliangalia sponji, aliangalia chupa ya alkoli, akaona haikupungua. Akaniuliza. Nikamwambia yote. Alinyamaza kwa muda, kiisha akasema: "Mwalimu umemficha. Na jua, utalificha wapi?"

Nikajitetea: "Baba, mimi ni mwanafunzi. Kila mwanafunzi hukosa."

Akajibu neno ambalo sitalisahau: "Kosa la mkono ni letu sote, kwa sababu nilikuacha peke yako. Kosa la kinywa ni lako peke yako."

Nilikwenda nyumbani kwa mwalimu. Hakunisamehe upesi kama katika hadithi. Alikasirika, na haki ilikuwa yake. Aliniuliza: "Usingekuja, mimi ningejua lini?" Nikamjibu: "Labda baada ya mvua za kwanza. Na kubanduka, baada ya muda mrefu." Akasema: "Basi ungekuwa umeniibia, nami ningekuwa nakusalimia."

Verni haishonwi kiraka kama suruali. Ilibidi kapo nzima ipulizwe upya. Patroni wa garaji alilipa verni na kazi ya fundi wa rangi. Mimi nilirudisha franka za kinywaji, nikafanya kazi Jumamosi nyingi bila mshahara. Mwalimu alirudi kwetu baada ya miezi mingi. Kabla ya kutoa ufunguo aliinama na kuuangalia ukingo wa kapo mbele yangu. Sikuona haya ya bure. Imani nayo ni kama verni: si kazi ya siku moja kuirudisha.

MPAKA UKO WAPI?

Sasa turudi kwa swali la kijana.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, hakuona motokari, lakini aliwajua wauza farasi. Katika Suma yake ya teolojia alijiuliza kama muuzaji anapaswa kutaja kasoro za kitu anachouza. Alitofautisha. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, kila mnunuzi anaiona mwenyewe. Muuzaji halazimiki kuitangaza, bora bei iwe ya haki. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Na tena: mwenye kuuza kitu chenye kasoro bila kujua hana hatia, lakini siku atakapojua anapaswa kumlipa mnunuzi hasara yake.

Tupime kazi yetu kwa kipimo hicho. Ninaona mambo matatu.

Kwanza, mkwaruzo ulioondolewa kweli. Hapo hakuna uongo. Mkwaruzo haupo tena. Motokari haisemi, "mimi ni mpya", inasema, "nimetunzwa". Ndivyo ilivyo hata kwa nyanya iliyopanguswa vumbi. Kijana wangu alikosea hapo: kusafisha kitu mpaka uzuri wake wenyewe uonekane si kudanganya.

Pili, mkwaruzo uliojazwa mafuta au nta. Je, nta ni mbaya? Hapana. Nta hulinda, na watu wengi hawana fedha ya kazi kubwa. Wakisema, "Nipakie nta tu, nina arusi Jumamosi," ninapaka kwa furaha, nao wanajua wamenunua nini. Ubaya ni kuuza kujaza kwa bei na kwa jina la kuondoa. Dawa ni ileile ndani ya chupa; maneno ndiyo yanayoifanya kuwa haki au wizi.

Hapa yupo mchuuzi wa motokari. Huja na kusema: "Fundi, ifunike tu hadi niuze." Kuna anayesema hivyo kwa ajili ya vumbi na mikwaruzo midogo, ambayo mnunuzi mwenye macho ataiona kesho. Lakini kuna anayetaka tufiche verni iliyoanza kufa, au mlango uliogongwa. Huyo wa pili anaomba mkono wangu uwe ulimi wake. Nimekataa mara kadhaa, nikapoteza fedha, naye akaenda garaji nyingine akapata alichotaka. Sisemi ni rahisi. Nasema tu kwamba jua la mnunuzi ni lilelile lililonishinda mimi.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: ngozi iliyoondoka. Mteja anaona mng'ao, haoni upungufu. Kuna chombo kidogo cha kupima unene juu ya chuma, lakini kwa kawaida hupima tabaka zote pamoja, hakitengi verni peke yake, na mteja mwenyewe hana hata hicho. Kwa hiyo katika jambo hili mteja ni kipofu, na mimi nina macho. Aliye na macho peke yake katika nyumba ya kipofu ana deni. Ikiwa motokari imekwisha kung'arishwa kwa nguvu mara nyingi, napaswa kumwambia: "Baba, hii tuiache kidogo. Ukitaka kioo leo, utalia kesho kutwa." Motokari ni yake, baada ya kusikia, achague mwenyewe. Lakini asichague gizani, hali mimi nimeshika taa.

Mtu atasema: "Mimi sikujua kwamba verni ni nyembamba, basi sina kosa." Tuwe waangalifu. Kuna kutojua ambako mtu hakuweza kukuondoa, nako humtetea. Lakini kuna kutojua kwa yule ambaye angeweza kuuliza, hakuuliza, kwa sababu jibu lingempunguzia kazi. Mwenye kushika mashini juu ya mali ya mwingine anapaswa kwanza kuishika juu ya kapo isiyo na mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilimwita yule kijana garajini. Kulikuwa na motokari ya kijani iliyokuwa imekwisha. Nikampa kitambaa chenye alkoli, nikamwambia: "Pangusa mahali popote unapotaka, kiisha tuisukume juani." Akapangusa kwa bidii, kama mtu anayetafuta mwizi. Jua lilipopiga mlango, akainama, akaona mkwaruzo mmoja mrefu umebaki. Akafurahi.

"Mwalimu, huu hukuuona?"

"Niliuona."

"Mbona umeuacha?"

Nikamshika kidole, nikapitisha ukucha wake juu ya mkwaruzo. Ukakwama. Nikamweleza habari ya bonde na vilima, na karatasi moja, na jua. Nikamwambia kwamba mwenye motokari anaujua mkwaruzo ule, nilimwonyesha asubuhi, naye alikubali ubaki.

Kijana alinyamaza, halafu akapitisha ukucha tena, mwenyewe.

Wandugu, kila mmoja wetu ana mahali ambapo mwingine hawezi kuona: mshonaji ndani ya pindo, mjenzi chini ya plasta, mwalimu katika daftari za watoto, muuguzi katika kipimo cha dawa. Kabla ya kusema "imekwisha" na kunyosha mkono kupokea malipo, tupanguse kwa alkoli kwanza, tuitoe kazi yetu juani, na tuwe wa kwanza kuiangalia. Kinachobaki kikiwa na kasoro, tukionyeshe wenyewe kwa kidole chetu.